Kabla ya kununua kiwanja na mwenzako, kubalianeni mtakavyoachana

Wadogo zangu, leo tuzungumze viwanja na nyumba, maana najua wengi wenu mna akiba kidogo benki, mna rafiki mmoja au wawili wenye akiba kidogo pia, na mna dalali anayewatumia kila wiki picha za kiwanja kule Mapinga, Kibaha au Chanika. Mnakaa mnajumlisha: mimi nina milioni nne, wewe sita, yule mbili, mbona tunatosha! Kweli mnatosha. Mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba watu wa kipato cha kawaida wataingia kwenye mali isiyohamishika kwa kuchangiana, kwa sababu anayesubiri akusanye zote peke yake, bei inamkimbia. Mikopo ya nyumba ipo, lakini riba yake hapa Tanzania imekuwa ikicheza kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka, na mwenye mshahara wa kawaida akipiga hesabu hiyo anaishia njiani.

Kwa hiyo ubia si jambo la kuonea haya. Shirika la Nyumba la Taifa lenyewe, ambalo lipo tangu mwaka 1962 na lina viwanja katikati ya miji yetu, limepata majengo kadhaa Dar es Salaam kwa njia hiyo hiyo: shirika linatoa kiwanja, mwekezaji anatoa fedha, kisha wanagawana. Pale Kariakoo pia zipo familia zilizokuwa na nyumba ya zamani ya vyumba sita, zikaingia makubaliano na mwenye mtaji, leo zina ghorofa kadhaa ndani ya jengo refu. Zipo pia familia zilizoingia makubaliano ya namna hiyo zikabaki zinazunguka mahakamani. Tofauti kati ya hizo mbili, kwa nilivyoona mimi, mara nyingi haikuwa uaminifu wa mtu. Ilikuwa kwamba waliofanikiwa walijua tangu siku ya kwanza nani anapata nini na anatokaje.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Kabla hamjaenda kuona kiwanja chochote, kabla dalali hajalipiwa hata bodaboda, kaeni chini mkubaliane mtakavyoachana. Najua inasikika kama kuombeana mabaya. Lakini fikiria VICOBA tunavyoviendesha: mnaweka hisa, mnakopeshana, mwisho wa mzunguko mnavunja, kila mtu anabeba chake, na anayetaka kujitoa anajitoa hapo bila ugomvi. Kiwanja hakina mwisho wa mzunguko. Kitakaa pale miaka 10, na katika miaka hiyo 10 mmoja wenu ataolewa, mwingine atahamishiwa Tabora, mwingine mama yake ataugua na atahitaji hela yake wiki hii, si mwakani. Kama hamkuandika siku ya kuvunja, kila tukio la kawaida la maisha litageuka kuwa kesi kati yenu.

Nianze na mwenza mwenyewe. Mdogo wangu, rafiki wa kucheka naye na mtu wa kushirikiana naye fedha wanaweza kuwa watu wawili tofauti, na wala si dhambi kumpenda mtu halafu usinunue naye ardhi. Usimpime kwa miaka mliyofahamiana, mpime kwa tabia yake kwenye hela. Akikwama kurejesha, anakwambia mapema au anazima simu? Kwenye kikundi chenu cha kuchangiana, mchango wake unafika siku yake au mpaka akumbushwe? Ana mikopo mingapi sasa hivi, ya kazini na ile ya kwenye simu? Nani wanamtegemea? Mume wake au mke wake anajua mpango huu na ameukubali? Anatarajia kuwa wapi miaka mitatu ijayo? Muulize hayo yote, na wewe ujibu yako kwanza ili asione unamhoji. Kama hamuwezi kuulizana maswali hayo kwa amani sasa hivi mkiwa hamna kitu, mtawezaje kuulizana mkiwa na msingi wa nyumba uliokwama na mabati hayajanunuliwa?

Mkishaulizana, msikimbilie kununua. Wekeni akiba pamoja kwa muda kwanza, tuseme nusu mwaka au mwaka. Fungueni akaunti ya kikundi ambayo hela haitoki mpaka watu wawili watie saini, au mziweke kwenye mfuko wa uwekezaji kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambako zinakua wakati mnasubiri na mnaweza kuzichukua mnapozihitaji. Mtapata faida kidogo, lakini kubwa zaidi mtaona nani anachangia kwa wakati na nani kila mwezi ana sababu. Anayeshindwa kutimiza laki moja ya mwezi kwa uaminifu msitegemee atatimiza milioni mbili za saruji na nondo. Mwachieni aondoke na chake mapema, urafiki ubaki.

Sasa makubaliano yenyewe. Watu wengi wakisikia mkataba wanafikiria karatasi ndefu ya wakili yenye maneno mazito. Wakili mtamhitaji, lakini mambo ya ndani ni yenu na lazima myajadili kwa lugha yenu ya kawaida kabla ya kwenda kwake. Chukueni mfano wa watatu wale wa milioni nne, sita na mbili. Jumla ni milioni 12. Kwa fedha tupu, wa sita ana nusu, wa nne ana theluthi, na wa mbili ana sehemu moja ya sita. Andikeni hivyo. Msiseme "sisi ni sawa tu" kwa sababu ya mapenzi, halafu siku ya kuuza yule wa sita akumbuke kwamba aliweka mara tatu ya mwenzake. Na kama mmeamua kwa hiari kwamba mtagawana sawa, andikeni pia, na mwandike kwa nini.

Hapo kuna jambo linalosahaulika sana, nalo ni mchango wa kazi. Katika kila kikundi yupo mmoja ambaye hana hela nyingi lakini ndiye anayekwenda ofisi ya ardhi, anayelala saiti wakati wa kumwaga zege, anayemjua fundi, anayefukuzana na wapangaji. Wenzake wanamwona kama anasaidia tu. Yeye moyoni anahesabu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa kwenye ndoa. Hilo lilikuwa shauri la wanandoa na halihusu marafiki walionunua kiwanja, lakini mimi naliheshimu kwa sababu linatukumbusha kwamba jasho nalo lina thamani. Ninyi msisubiri jaji awaambie. Ama mpeni msimamizi wenu hisa kadhaa kwa kazi yake, ama mlipeni kiasi kinachojulikana kila mwezi wa ujenzi, na mseme wazi kwamba kwa malipo hayo kazi yake imelipwa na haiongezi hisa. Njia zote mbili ni nzuri. Kinachoua ubia ni kuacha jambo hilo likielea.

Kisha mje kwenye kutoka. Mmoja akitaka kuuza sehemu yake, wenzake wapewe nafasi ya kwanza ya kuinunua, labda kwa siku 90. Bei ipatikane vipi? Hapa ndipo watu wanapogombana, kwa hiyo andikeni: mthamini aliyesajiliwa atathamini, na gharama yake mtalipa wote kulingana na hisa zenu. Wenzake wakiwa hawana hela ya mkupuo, walipe kwa awamu ngapi? Wasipoweza kabisa, je, anaruhusiwa kumuuzia mtu wa nje, na wenzake wana haki ya kumkataa mtu huyo? Mmoja akiacha kuchangia katikati ya ujenzi, hisa yake inapungua au inabaki ilivyo lakini anadaiwa? Na wekeni tarehe, hata kama ni miaka mitano mbele, ambayo mtakaa rasmi na kuamua: tunauza, tunaendelea, au tunagawana. Tarehe hiyo inampa kila mtu pumzi. Anayehisi kubanwa anajua kuna mlango, na kwa sababu anajua upo hana haraka ya kuuvunja.

Na kifo, wadogo zangu. Tunaogopa kukitaja lakini kipo. Nimeona kikundi cha wanawake waliopendana kweli kweli, walikuwa na nyumba ya kupangisha, mmoja wao akafariki. Kabla ya arobaini ndugu wa marehemu walikuwa wameshafika kwa wapangaji kudai kodi. Wale wenzake hawakuwa na karatasi hata moja inayoonyesha nani ana nini, na hati ilikuwa na jina la marehemu peke yake kwa sababu siku ya kununua ndiye aliyekuwa na nafasi ya kwenda kusaini. Hakuna aliyekuwa mwizi pale. Ndugu walikuwa wanalinda haki ya watoto yatima, na wale wanawake walikuwa wanalinda jasho lao. Ndiyo maana nasema tena na tena: msikubali "tuandike jina lako kwanza, tutabadilisha baadaye". Baadaye hiyo ina gharama za uhamisho, ina kodi, na wakati mwingine haifiki.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua njia mbili za watu zaidi ya mmoja kumiliki ardhi. Upo umiliki wa pamoja, ambao mmoja akifa sehemu yake inabaki kwa aliye hai, na huu unawafaa wanandoa. Upo umiliki wa hisa, ambao kila mmoja ana sehemu yake inayojulikana na akifa inakwenda kwa warithi wake kupitia msimamizi wa mirathi. Ninyi marafiki, wafanyakazi wenza, hata ndugu wa tumbo moja, huu wa pili ndio wenu. Majina yote yaingie kwenye hati na hisa zitajwe. Mkiwa wengi, au mkitarajia kununua zaidi ya mali moja, mnaweza kusajili kampuni BRELA na hati ikawa kwa jina la kampuni. Uzuri wake ni kwamba mtu akitoka anahamisha hisa zake za kampuni na jina kwenye hati halibadiliki. Lakini kampuni inataka kulelewa: taarifa za kila mwaka BRELA, hesabu TRA hata mwaka ambao hamkuingiza kitu. Kwa kiwanja kimoja cha watu watatu, mimi naona kampuni ni mzigo wa bure.

Mwenye ndoa, usimfiche mwenzako. Nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke, na benki wanalijua hilo vizuri. Kama mtaji wako katika ubia unatoka kwenye kuweka rehani nyumba mnayoishi, basi mume wako au mke wako ameshakuwa sehemu ya ubia huo, upende usipende. Mlete mezani mapema.

Haya, tuje kwa watu wa nje mnaowahitaji. Ukinisikia nasema watu unaowaamini, sina maana ya mjomba wa rafiki yako aliyewahi kufanya kazi wizarani. Nina maana ya watu ambao kazi yao unaweza kuihakiki na wanalipwa na wewe. Dalali ana kazi yake na ni ya halali: anajua nani anauza, anajua bei ya mtaa, anakuokolea miezi ya kuzunguka. Lakini dalali hupata asilimia yake mkinunua, hapati kitu msiponunua. Kwa hiyo msimuulize kama kiwanja kina mgogoro. Hilo waulizeni majirani wa pande zote nne, siku ambayo dalali hayupo, na ikiwezekana siku mbili tofauti. Muulizeni mama anayeuza vitumbua pale kona. Muulizeni mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe wake. Watu wa mtaa wanajua ni kiwanja kipi kimeuzwa mara mbili, na mara nyingi watakwambia bure ukisalimia vizuri na kukaa kidogo.

Mwenyekiti wa mtaa ana nafasi yake pia, ila msimpe nafasi ambayo sheria haikumpa. Anaweza kuwa shahidi kwamba anamfahamu muuzaji. Muhuri wake haukufanyi kuwa mmiliki. Kule kwenye ardhi ya kijiji mambo ni mengine kabisa: inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, nayo ya mwaka 1999, na uamuzi wa kumpa mtu wa nje ardhi unapita kwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, si kwa mwenyekiti mmoja mwenye kitabu cha risiti chini ya mwembe. Mkiuziwa heka tano za shamba kwa bei ya kushangaza, takeni kuona muhtasari wa kikao na mhakikishe waliotajwa kwenye mahudhurio walikuwepo kweli.

Wakili awe wenu, msitumie yule aliyeletwa na muuzaji hata kama ni mcheshi na ofisi yake ni nzuri. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili ambamo unaweza kuangalia kama mtu huyo ni wakili anayeruhusiwa kufanya kazi. Mpima ardhi naye awe amesajiliwa, naye aende saiti na kifaa chake kuthibitisha kwamba bikoni zilizopo ardhini ndizo zilizo kwenye ramani. Kiwanja cha 20 kwa 20 kikipungua mita tatu upande mmoja, mnapoteza mita za mraba 60, na hizo mmezilipia.

Kama ardhi ina hati, nendeni ofisi ya Msajili wa Hati mkafanye upekuzi. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na mnachokwenda kulipa, na majibu yake yatawaambia jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la mahakama au la mtu anayedai. Hati ya karatasi mkononi mwa muuzaji haitoshi, maana karatasi inaweza kughushiwa na mali inaweza kuwa imewekwa rehani jana. Ulizeni pia kodi ya pango la ardhi imelipwa mpaka lini, kwa sababu deni la muuzaji litageuka kikwazo chenu siku ya uhamisho.

Kama ni eneo lisilopimwa, ambako ndiko wengi wetu tunakomudu, msikate tamaa lakini ongezeni umakini. Nendeni idara ya mipango miji ya halmashauri mkaulize mchoro wa eneo hilo unasemaje. Huenda pale palipoonyeshwa kiwanja cha makazi, kwenye mchoro ni shule, au barabara, au eneo la wazi. Pimeni umbali wa mto pia, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto na ufukwe wa bahari. Wakazi wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wanajua maana ya kujenga karibu na mto, kwa maji na kwa tingatinga.

Nawatajia mambo mawili ya Dar es Salaam ili muone kwamba hata kiwanja kinachoonekana kizuri kinaweza kufunga mtaji wenu. Mwaka 2017 nyumba nyingi sana kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, kwa maelezo kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo pale ilihesabiwa zaidi ya mita 120 kila upande. Watu walikuwa wamejenga, wamezaa, wamezeeka humo. Na Kigamboni, mpango wa mji mpya uliotangazwa mwaka 2008 uliwaacha wenye viwanja kwa miaka mingi wakiwa hawaruhusiwi kuendeleza na hawajalipwa waondoke. Baadaye mpango ukapunguzwa, Daraja la Nyerere la kuvukia kwenda Kigamboni likafunguliwa mwaka 2016, na waliokuwa na subira wakaona bei ikipanda. Subira hiyo iliwezekana kwa mwenye kiwanja chake mwenyewe. Mngekuwa wabia watatu ambao mmoja anadaiwa ada ya shule, mngekubaliana kusubiri? Swali hilo mlijibu kwenye mkataba wenu kabla serikali haijawauliza.

Mkifika kwenye kulipa, lipeni kwa benki, kwenye akaunti yenye jina la muuzaji, mbele ya wakili. Mkataba wa mauziano uwe wa maandishi. Kwa ardhi yenye hati, bakizeni sehemu ya bei mpaka muuzaji asaini fomu za uhamisho, zile namba 29, 30 na 35 ambazo kila wakili wa ardhi anazijua, na mwenza wake wa ndoa aridhie. Wekeni akiba ya ushuru wa stempu wa asilimia moja, gharama za uthamini, ada za usajili na kazi ya wakili. Kodi ya faida ni ya muuzaji kisheria, lakini wauzaji wengi hujaribu kuitupia kwa mnunuzi, kwa hiyo itajwe ndani ya mkataba inabebwa na nani.

Mnaanza na nini? Mimi ningependa mradi wenu wa kwanza uwe mdogo kiasi kwamba hata ukienda vibaya hakuna anayelala njaa. Kiwanja kimoja kilichopimwa, chenye njia ya gari na umeme ulioko karibu, kinatosha kuwafundisha. Kununua heka kadhaa mkate viwanja muuze kuna faida, lakini huko kuna upimaji, michoro ya mipango miji na vibali vinavyochukua muda, na mkichelewa mtaanza kuulizana hela ziko wapi. Kuna wanaopenda kununua boma, nyumba iliyoishia kwenye renta mwenyewe akakwama. Inaweza kuwa nafuu sana, ila mpelekeni fundi mzoefu au mhandisi akague msingi na nguzo kabla hamjafurahia bei.

Mkijenga vya kupangisha, pigeni hesabu bila kujidanganya. Tuseme mmejenga vyumba vinne vya choo ndani na kila kimoja ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni milioni nne na laki nane kwa mwaka. Punguzeni mwezi mmoja au miwili ya chumba kukaa tupu, dalali anayechukua kodi ya mwezi mmoja kwa kila mpangaji mpya, rangi, bomba lililopasuka, kuvuta choo, kodi ya jengo ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU, na kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango. Kinachobaki ndicho mnachogawana, na wala msikigawane chote. Wekeni sehemu kwenye mfuko wa matengenezo kabla ya mtu yeyote kupokea kitu. Kodi ya miezi sita ikiingia kwa mkupuo inawasha tamaa. Iingie kwenye akaunti ya pamoja, isiingie kwenye simu ya mmoja wenu.

Nina neno kwa wale mlioko nje, Muscat, London, Minneapolis, mnaotuma hela nyumbani. Wengi wenu mbia wenu ni kaka au shangazi, na uchungu wa kudhulumiwa na ndugu unazidi ule wa kudhulumiwa na mgeni. Lipeni muuzaji moja kwa moja, lipeni duka la vifaa moja kwa moja, na mpeni ndugu malipo ya usimamizi yanayojulikana ili asijilipe mwenyewe kwa siri. Mtu mmoja asiwe msimamizi, mnunuzi wa vifaa na mtoa taarifa kwa wakati mmoja. Na kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine, zungumza na wakili kabla ya kununua, kwa sababu asiye raia wa Tanzania hamiliki ardhi kama raia, na kujificha nyuma ya jina la ndugu kunakuacha bila haki yoyote mbele ya sheria siku mkikosana.

Mwisho kabisa, kazi ya wiki hii. Msiende kuona kiwanja. Kaeni ninyi wawili, watatu au wanne, chukueni karatasi moja, na kila mmoja aandike kwa mkono wake majibu ya maswali haya: naweka kiasi gani na lini, nafanya kazi gani, nikitaka kutoka nitalipwaje, na nikifa nani azungumze na ninyi kwa niaba yangu. Kisha msomeane kwa sauti. Majibu yenu yakiendana, pelekeni karatasi hiyo kwa wakili, halafu ndipo mumpigie dalali. Na kama yupo mmoja ambaye anakataa kuandika, anayesema "sisi tunaaminiana, karatasi za nini", msinunue naye.